Barua ya wazi: Namba maalumu za magari kwa askari wetu waliopata ulemavu vitani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi,
Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania,
na Waheshimiwa Wabunge.

YAH: OMBI LA KUANZISHWA KWA NAMBA MAALUMU ZA USAJILI WA VYOMBO VYA MOTO KWA ASKARI WENYE ULEMAVU

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zangu kwenu, naomba mnisikilize juu ya jambo ambalo, kwa wingi wa kazi zenu, linaweza kuonekana dogo, yaani kibao cha namba ya gari. Ombi langu ni kwamba Serikali ianzishe kwa sheria namba maalumu za usajili kwa ajili ya Watanzania waliopata ulemavu wakiipigania nchi au wakitumwa na nchi kulinda amani kwingine, namba zitakazomtambulisha mwenye chombo kwa askari wa barabarani, kwa mlinzi wa maegesho na kwa mwananchi yeyote, bila yeye mwenyewe kulazimika kujieleza wala kufunua kovu lake hadharani.

Ninaandika nikiwa binti wa mgambo. Mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Iddi Amin yalipoivamia Kagera na daraja la Kyaka likalipuliwa, baba yangu alikuwa kijana wa miaka 22 mkoani Mara, ameoa karibuni, na shamba lake la kwanza la pamba lilikuwa ndiyo kwanza limelimwa. Aliitwa pamoja na vijana wenzake wa kijijini, wakapewa mafunzo ya muda mfupi, wakapelekwa mbele. Machi 1979 alikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, katika Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia vitani. Tarehe 10 ya mwezi ule makombora yalianza kuwamiminikia kutoka upande wa pili, ambako askari wa Libya walikuwa wamekuja kumsaidia Amin, na kipande cha bomu kikamharibu mguu wa kushoto kiasi kwamba madaktari waliukata chini ya goti. Habari za kutekwa kwa Kampala, tarehe 11 Aprili, alizisikia redioni akiwa amelazwa.

Alirudi nyumbani kwa magongo, akasomea ualimu, akafundisha shule ya msingi hadi alipostaafu. Sisi watoto wake tulikua tukijua kwamba asubuhi hatakiwi kuharakishwa. Kwanza huvuta soksi juu ya kigutu, akailainisha kwa kiganja ili isibaki mkunjo hata mmoja, kwa sababu mkunjo mdogo huwa kidonda ifikapo jioni. Kisha huingiza kigutu ndani ya mguu wa bandia, hufunga mikanda, husimama, huukanyagia mara mbili tatu, na kama haujakaa vizuri hufungua yote akaanza upya. Akishavaa suruali yake ya kitambaa na viatu vilivyopigwa rangi, mtu asiyemfahamu hawezi kutambua lolote, isipokuwa kama atakuwa makini na mwendo wake. Kutokuonekana huku, ambako kwa miaka mingi kulimpa raha, ndiko kunakomletea dhiki uzeeni.

Mwaka jana nilimpeleka mjini kushughulikia karatasi zake katika jengo moja la ofisi za umma. Gari ni Toyota ndogo isiyo na klachi, tuliyomnunulia sisi watoto, na imeandikishwa kwa jina langu. Mbele ya jengo palikuwa na nafasi mbili zilizochorwa alama ya kiti cha magurudumu. Nyingine zote zilikuwa zimejaa hadi barabarani. Nilipoingia katika mojawapo, mlinzi alikuja akagonga kioo, akatuambia nafasi ile ni ya walemavu, tuondoe gari. Nilimweleza. Akainama, akamtazama baba aliyekaa upande wa abiria amevaa koti lake, akasema mzee mbona mzima. Nilitoa barua ya hospitali ya mwaka 1979, iliyopigwa taipu, ambayo baba huihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni na karatasi yake imekwisha kuwa na rangi ya chai. Mlinzi akasema hiyo haijui. Sitaki kumlaumu kupita kiasi, kwa kuwa aliambiwa alinde nafasi zile na hakupewa namna ya kumjua anayestahili. Basi baba alifungua mlango, akatoa mguu nje kwa kuushika kwa mikono miwili, akakunja suruali hadi gotini mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni kwenye ngazi, na tukaruhusiwa.

Hakulizungumza jambo lile njiani, wala nyumbani. Safari yetu iliyofuata, nilipokwenda kumchukua, nilimkuta amekaa barazani amevaa kaptula. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu ambaye sikuwahi kumwona nje ya uzio wetu bila suruali iliyopigwa pasi. Aliniambia tu kwamba hivi itakuwa rahisi zaidi kwa walinzi.

Waheshimiwa, ninajua kwamba nchi hii haikuwasahau waliopigana. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi wetu huweka silaha za jadi na mashada ya maua kwenye minara ya kumbukumbu, na makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, wanamolala askari wetu wa vita ile, ni mahali ambapo kila Mtanzania anapaswa kufika walau mara moja. Hata ile Sanamu ya Askari iliyoko katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927, tuliyoachiwa na Waingereza, inamwambia askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Lakini heshima hizo zote zinamwelekea aliyekufa. Aliyerudi bila mguu, bila jicho, au na masikio yaliyozibwa na mizinga, anaishi miongoni mwetu miaka 40 na zaidi baada ya bunduki kunyamaza, anapanga foleni nasi, anaegesha gari pamoja nasi, na hakuna alama hata moja inayosema huyu ni nani.

Na hawa si wazee wa Kagera peke yao. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa huko Darfur, Sudan, wakiwa katika kikosi cha kulinda amani, na wengine 17 wa kikosi hicho wakajeruhiwa. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye kambi ya kulinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, tulipoteza vijana 15 kwa usiku mmoja, na wenzao zaidi ya 40 wakapata majeraha. Miili ya waliokufa ilipokelewa na taifa zima kwa machozi, kama ilivyostahili. Majeruhi walipelekwa hospitali, na wengi wetu hatukuwasikia tena. Baadhi yao wana umri wa kuendesha gari kwa miaka 30 ijayo.

Kwa nini namba za gari, na si kitambulisho? Kwa sababu kitambulisho hutolewa mfukoni baada ya ubishi kuanza, ilhali namba husomwa kwa mbali kabla mtu hajafungua kinywa. Trafiki anaposimamisha gari na kumwamuru dereva ashuke, mtu mwenye mguu wa bandia huchukua dakika kadhaa kufanya kile ambacho mwingine hukifanya kwa sekunde mbili, na dakika hizo, kwa asiyejua, huonekana ni ukaidi. Baba alipokuwa bado anaendesha mwenyewe, niliwahi kukaa pembeni yake kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma huku askari kijana, wa umri wa mjukuu wake, akimfokea kwamba anajifanya mkubwa. Kijana yule alipoona mguu aliomba radhi, tena kwa unyenyekevu wa kweli. Namba sahihi ingewaokoa wote wawili, mmoja na kudhalilika na mwingine na majuto.

Isitoshe, namba zetu tayari zinazungumza. Mtanzania yeyote akiona namba ya njano anajua gari ni la mtu binafsi, akiona nyeupe anajua ni la biashara. JW ni la jeshi, PT la polisi, SU la shirika la umma, SM la serikali za mitaa, CD la ubalozi, DFP la mradi wa wafadhili. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usajili wa Magari, Sura ya 124, inamruhusu mtu mwenye fedha kuandika hata jina lake kwenye kibao. Ada ya upendeleo huo ilipandishwa katika bajeti ya mwaka 2016/17 kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu. Sina kinyongo na wanaolipa, kwa kuwa fedha zao zinaingia katika mfuko wetu sote. Ninachosema ni kwamba mlango wa namba maalumu umekwisha kufunguliwa kisheria, na anayeingia kwa fedha asiwe peke yake; aingie pia aliyekwisha kulipa kwa mwili wake.

Jambo hili si geni duniani. Nchini Marekani usajili wa magari ni kazi ya kila jimbo, na namba za askari wastaafu wenye ulemavu ni kitu cha kawaida barabarani. Texas, kwa mfano, hutoa namba hizo kwa aliyethibitika kuwa na ulemavu wa asilimia 50 au zaidi uliotokana na utumishi wake, au asilimia 40 ikiwa amekatwa mguu, na seti ya kwanza humgharimu dola 3 tu. Lakini kilichonivutia zaidi ni kosa walilolirekebisha. Kwa miaka mingi kila mwenye namba ile aliruhusiwa kuegesha katika nafasi za wenye ulemavu, hata yule ambaye ulemavu wake ni wa kusikia na hana shida yoyote ya kutembea, matokeo yake nafasi zikawa hazitoshi kwa wenye viti vya magurudumu. Tangu tarehe 1 Januari 2022 sheria ya jimbo hilo inataka namba iwe na alama ya kiti cha magurudumu ndipo mwenye gari aegeshe hapo, na anayehitaji alama huiomba kwa uthibitisho wa daktari. Heshima inabaki kwa wote. Nafasi ya kuegesha inabaki kwa mwenye shida ya kutembea.

Ninawasihi mwanzie hapo walipofikia wao. Ziwepo namba za aina mbili: moja yenye maneno ya heshima peke yake, na nyingine yenye maneno hayo pamoja na alama ya kiti cha magurudumu. Na alama hiyo isiwe ya askari tu. Nimewasikia wanaouliza kwa nini tuwabague walemavu wengine, wakati aliyezaliwa hawezi kutembea naye hufukuzwa na walinzi walewale. Wana haki kabisa kuuliza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, haikuweka matabaka, na mimi sitaki baba yangu apate nafuu kwa kumpita mtoto wa jirani mwenye kiti cha magurudumu. Alama hiyo ya kiti cha magurudumu itolewe kwa kila Mtanzania anayeihitaji, kwa utaratibu uleule na siku ileile. Maneno ya heshima ndiyo yabaki kwa waliojeruhiwa wakiwa kazini kwa ajili ya nchi.

Juu ya maneno yenyewe nina maoni. Nisingependa vifupisho, kwa sababu tumekwisha kuwa na vifupisho vingi na mlinzi wa getini hatavifahamu vyote. Yaandikwe kwa ukamilifu, ASKARI MAJERUHI, chini ya namba ya kawaida, pamoja na mwenge wa Uhuru au nembo ya taifa. Vilevile herufi JW zisitumike kabisa. Gari hili si la jeshi, mwenye nalo hana mamlaka ya kijeshi, na halipaswi kumtia mtu hofu. Anayeliona ampishe kwa hiari.

Sasa nije kwenye suala ambalo ninaliogopa kuliko yote, yaani nani ahesabike. Kama sharti litakuwa kitambulisho cha mstaafu wa JWTZ, namba hizi zitawakosa maelfu. Jeshi letu lilipanuka ndani ya miezi michache wakati wa vita ile kwa kuita mgambo kutoka vijijini, pamoja na vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Mgambo wengi walirudi majumbani vita ilipokwisha, bila namba ya jeshi wala pensheni ya kijeshi, wakiwa na barua ya hospitali au hawana chochote zaidi ya mwenzao wa kikosi anayeweza kusema nilikuwa naye. Mashahidi hao sasa wana zaidi ya miaka 65, na kila mwezi tunawazika. Naomba uthibitisho ukubalike kwa njia tatu: kumbukumbu za jeshi zilizopo, nyaraka za hospitali za wakati ule, au ushahidi wa kiapo wa watu wawili waliokuwa naye, ukisikilizwa na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Na uchunguzi wa daktari ufanyike katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Mzee wa Tarime au wa Songea asiambiwe aende hospitali ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, kupimwa kama kweli hana mguu.

Pia msifunge namba hizi kwa mwenye kadi ya gari peke yake. Wazee wa Kagera walio wengi hawana magari. Wanabebwa na watoto wao, kama nimbebavyo baba, au wanatumia bajaji na pikipiki za magurudumu matatu zilizofanyiwa marekebisho ili ziendeshwe kwa mikono. Namba iandikwe kwa jina la askari na ifungwe kwenye chombo kimoja tu anachokichagua, kiwe chake, cha mwenzi wake au cha mtoto anayemtunza, na bajaji ihesabike sawa na gari. Chombo kikiuzwa, kibao kinarudi Mamlaka ya Mapato (TRA). Akifariki, mjane au mgane aruhusiwe kubaki na kibao chenye maneno ya heshima, ila chenye alama ya kuegesha kirudishwe; nasema hivi nikijua kwamba siku moja nitakipeleka mimi mwenyewe.

Wapo watakaoghushi, hilo sina shaka nalo. Lakini namba zote ziko katika mfumo wa TRA na trafiki huzikagua kwa simu wakiwa barabarani, hivyo ni suala la kuongeza kipengele kimoja kinachoonyesha jina la anayestahili, na kuweka faini nzito kwa anayetumia namba hiyo wakati mhusika hayumo garini na hakuna safari inayomhusu.

Gharama nazo hazitishi. Ada ya mwaka ya magari ilikwisha kufutwa tangu mwaka 2017, kwa hiyo hakuna mapato ya kila mwaka yatakayopotea. Kinachobaki ni bei ya kibao, ambayo naomba isamehewe, na ushuru wa maegesho mitaani, ambao TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanaweza kuusamehe kwa namba hizi bila kuutikisa mfuko wao.

Ninachokiomba kwenu kwa utekelezaji ni hiki. Wizara ya Ulinzi iandae vigezo vya utambuzi na kuwashirikisha wastaafu wenyewe, mgambo wakiwemo, kabla havijaandikwa kwa wino. Wizara ya Fedha iingize marekebisho ya Sura ya 124 katika Muswada wa Sheria ya Fedha utakaosomwa Juni ijayo, na kanuni za Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ziguswe wakati huohuo ili trafiki na wasimamizi wa maegesho wawe na la kusimamia. Nanyi Waheshimiwa Wabunge, ambao kila mmoja wenu ana mzee wa namna hii katika jimbo lake, mkiuliza swali hili bungeni mtakuwa mmewasemea watu ambao hawajazoea kujisemea. Nawaomba mharakishe. Aliyekuwa na miaka 22 pale Lukaya anakaribia 70, na marekebisho yatakayochukua miaka kumi yatawakuta wachache sana.

Baba hajui kwamba naandika barua hii. Akijua ataniuliza kama nimeomba ruhusa kwa wakubwa, kisha atasahihisha tahajia. Kliniki yake ya mguu ni mwezi ujao, mjini, na kaptula imekwisha kupigwa pasi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Binti wa mgambo,
Musoma